Homoni za mwanamichezo kabla ya shindano, baada yake na siku za kupumzika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunijia kila msimu, mengine kutoka kwa wanariadha, mengine kwa wazazi na makocha wao. Nimeyaweka pamoja kwa sababu naona watu wanahangaikia kitu kisicho cha kwanza. Wanataka kujua namba ya kotisoli au ya testosteroni, na hakuna aliyewauliza wanalala saa ngapi wala wanakula kiasi gani. Homoni hazijitungii habari. Hubeba habari ya namna unavyoishi, na mwili huifuata.

Homoni ni nini, kwa lugha nyepesi?

Ni ujumbe wa kikemikali. Tezi huumwaga kwenye damu, damu huusafirisha, na kiungo chenye uwezo wa kuupokea huuitikia. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 1905, alipolitumia Ernest Starling, mtaalamu wa Uingereza. Mwanamichezo anapaswa kuzijua kwanza adrenalini na noradrenalini zinazoamsha mwili, kotisoli inayofungua akiba, insulini inayoweka akiba, homoni ya ukuaji, na zile za uzazi: testosteroni, estrojeni na projesteroni. Nyingine tutakutana nazo huko mbele.

Mbona moyo unanidunda na tumbo linavurugika hata kabla sijaanza?

Mtazame mkimbiaji aliye kwenye chumba cha kusubiri kuitwa. Namba iko kifuani. Kamba za viatu amezifungua na kuzifunga mara ya tatu. Viganja vinatoka jasho, mdomo umekauka, na ndani ya nusu saa ameshakwenda chooni mara mbili. Hajakimbia hata hatua moja.

Ubongo wake umeshaliona shindano, na haungoji bunduki ilie. Kwa njia ya neva huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, na kazi hiyo huchukua sekunde tu. Moyo huongeza mwendo, ini huachia sukari, na damu hupunguzwa tumboni ikapelekwa kwenye misuli, ndiyo maana tumbo linalalamika. Njia ya pili huenda polepole zaidi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huijulisha tezi ya pituitari, pituitari hutoa homoni ya ACTH, na ACTH huliamuru tabaka la nje la zile tezi za juu ya figo litoe kotisoli. Kilele cha kotisoli hufika kama dakika 20 hadi 30 baada ya jambo lililoiamsha.

Kotisoli ya wanamichezo imepimwa mara nyingi saa chache kabla ya mashindano na kulinganishwa na ya siku ya kawaida, na kwa jumla huonekana imepanda. Kwa hiyo ukijiona hivyo usijihukumu kuwa mwoga. Mwili wako unapakia mafuta kabla ya safari. Vijana huwa nawaambia wasishindane na hali hiyo. Pasha mwili moto kwa utaratibu uleule wa mazoezini, vuta pumzi na uitoe taratibu kuliko ulivyoivuta, na mlo wako mkubwa uwe umeshatulia tumboni mapema. Anayeumia zaidi ni yule anayeanza kuuogopa moyo wake mwenyewe.

Kwa hiyo kotisoli ni adui?

Hapana, na sentensi hii ningependa isomwe mara mbili. Bila kotisoli usingeweza kuinuka kitandani sawasawa. Kila asubuhi hupanda yenyewe, ikafika kileleni kama dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka siku nzima hadi kufika chini kabisa karibu na usiku wa manane. Wakati wa mbio husaidia ini kutengeneza sukari, husaidia mafuta kuyeyushwa yawe nishati, na huzuia uvimbe wa ndani usizidi mpaka.

Ukali wa zoezi ndio unaoamua. Mazoezi mepesi, ya kiasi cha asilimia 40 ya uwezo wako wa juu wa kutumia oksijeni, hayaipandishi. Ukifika asilimia 60 inapanda, na kwenye 80 inapanda zaidi. Ndiyo sababu siku nyepesi inapaswa kuwa nyepesi kwelikweli. Mtu anayekimbia siku zake za kupumzika kwa mwendo wa wastani kila mara hupoteza faida hiyo, na wengi hawajui kwamba wanaipoteza.

Tatizo la kotisoli ni kukaa juu wiki baada ya wiki bila kupata nafasi ya kushuka. Hapo misuli huvunjwa iwe mafuta ya kuendeshea mwili, usingizi hukatika, na homoni za uzazi hukandamizwa.

Umbali ni uleule, kasi ni ileile. Kwa nini mashindano yananichosha kuliko mazoezi?

Kwa sababu mwili unaubeba mzigo wa miguu na mzigo wa akili kwa pamoja. Watu wanaokutazama, nafasi inayogombewa, na kutojua mpinzani atakwenda kasi lini, vyote huongeza adrenalini na kotisoli juu ya zile ambazo zoezi pekee lingezitoa. Ukipanga ratiba ya wiki, ihesabu siku ya mashindano kuwa nzito kuliko kilomita zake zinavyoonyesha.

Ni kweli kwamba ushindi hupandisha testosteroni?

Kwa wastani ndiyo, ila tofauti kati ya mshindi na mshindwa ni ndogo, na haimtokei kila mtu.

Wazo hili lina historia ya kuvutia. Allan Mazur, mwanasosholojia wa Marekani, na wenzake walianza kupima wachezaji wa tenisi miaka ya 1980, wakaona testosteroni ya washindi ikielekea kupanda na ya walioshindwa kushuka. Mwaka 1990 John Wingfield na wenzake, waliokuwa wakichunguza ndege, walieleza kwamba testosteroni ya dume hupanda hasa wakati anapogombea eneo au mwenzi, si wakati wote. Watafiti wa michezo waliliazima wazo hilo. Baadaye wachezaji wa soka walipimwa kabla ya mechi, na wale waliokuwa wakicheza uwanja wa nyumbani walikutwa na testosteroni nyingi kuliko walipocheza ugenini.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mashabiki. Fainali ya Kombe la Dunia la 1994, Brazili ilipoifunga Italia kwa penalti, watafiti walichukua mate ya wanaume waliokuwa wakitazama kwenye televisheni. Testosteroni ya mashabiki wa Brazili ilipanda, ya mashabiki wa Italia ilishuka. Hawa hawakuugusa mpira. Kisa hicho kinaonyesha kwamba homoni hii haisomi jasho peke yake, inasoma pia maana uliyoyapa matokeo. Aliyeshinda bila kutarajia, aliyeshindwa kwa uonevu na aliyefika wa nne akiwa amevunja rekodi yake mwenyewe hawapokei matokeo kwa namna moja. Hapo kocha ana nafasi kubwa: maneno ya dakika kumi za kwanza baada ya mechi yanaingia kwenye mwili ulio wazi kabisa.

Homoni hurudi sawa baada ya muda gani?

Kila moja ina saa yake. Adrenalini huondoka kwenye damu upesi mno, nusu yake ndani ya dakika mbili tatu hivi, ingawa mtikisiko wake unaweza kuendelea kuusikia. Kotisoli huhitaji saa kadhaa, na baada ya mbio ndefu kama marathoni huchukua hadi siku moja. Testosteroni ya mwanamume aliyemaliza marathoni inaweza kubaki chini siku moja, mbili au tatu.

Angalia mtego uliopo hapa. Damu hutulia mapema kuliko misuli. Unaweza kupimwa siku ya tatu ukaambiwa homoni ziko sawa, na bado nyuzi za misuli zimechanika na akiba ya wanga haijajaa. Kipimo kizuri cha damu si ruhusa ya kurudi kwenye mazoezi makali.

Mechi ikiisha usiku sipati usingizi. Nifanye nini?

Unakuta mtu amelala chali saa nane za usiku, mwili umechoka kama gunia, macho yako darini, na ile nafasi aliyoikosa inajirudia kichwani. Kotisoli, ambayo kwa saa hizo ingekuwa chini kabisa, bado iko juu. Taa kali za uwanjani zimeichelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku. Joto la mwili halijashuka. Kama alikunywa kafeini kabla ya mechi, nayo bado inazunguka.

Kinachosaidia ni vitu vidogo vinavyofanywa mfululizo: kula wanga na protini mapema baada ya mechi, kuoga maji ya uvuguvugu, kupunguza taa, kuiweka simu mbali na kuahirisha uchambuzi wa mechi hadi kesho. Kafeini ni bora ipunguzwe au iachwe kwa mechi za usiku. Siku inayofuata, usingizi mfupi wa mchana unalipa sehemu ya deni.

Usingizi una uzito kiasi gani hasa?

Mkubwa kuliko kirutubisho chochote utakachouziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwalaza vijana wa kiume wenye afya saa 5 tu kwa usiku, muda wa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Zaidi ya hapo, mmiminiko mkubwa wa homoni ya ukuaji hutokea kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na homoni hiyo ni sehemu ya kazi ya kutengeneza kano na misuli.

Nakula vizuri tu, mbona daktari anasema mwili wangu una njaa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoumia.

Nilikimbia mita 1,500. Msimu mmoja nilipungua uzito, muda wangu ukashuka, na kila mtu akanisifu. Hedhi ilikata. Kocha niliyekuwa naye aliniambia hiyo ni dalili kwamba nafanya kazi ya kweli, nami nikamwamini kwa sababu saa ilikuwa upande wake. Mwezi wa saba bila hedhi nilianza kusikia maumivu mahali pamoja kwenye muundi, mahali ambapo ningeweza kuweka ncha ya kidole. Ulikuwa ufa kwenye mfupa. Nilikuwa na miaka 20.

Wataalamu hupima jambo hili hivi: chukua nishati uliyokula, toa ile iliyotumika mazoezini, kisha gawa kwa kilo za mwili wako ukiondoa mafuta. Tuseme msichana ana kilo 45 zisizo za mafuta. Anakula kilokalori 2,000, mazoezi yanakula 800. Zinabaki 1,200, ukigawa kwa 45 unapata chini kidogo ya 27. Mtu akimtazama sahani yake ataona anakula. Lakini utafiti wa mwaka 2003 wa Anne Loucks na mwenzake ulionyesha kwamba kwa wanawake vijana, kushuka chini ya 30 kwa siku 5 tu kulivuruga mapigo ya homoni ya pituitari inayoendesha ovari. Namba 30 si ukuta, kwani miili inatofautiana. Ila inaonyesha jinsi mwili unavyoanza kubana matumizi upesi.

Na unapobana, hukata kwanza yale ambayo si ya uhai wa leo. Leptini, inayotoka kwenye mafuta, hushuka. Homoni hai ya tezi ya shingo hushuka. Estrojeni hushuka, nayo ndiyo mlinzi wa mfupa. Kotisoli hupanda. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina pana la upungufu wa nishati katika michezo, na mwongozo wake umefanyiwa marekebisho mwaka 2018 na 2023. Hedhi iliyokosekana miezi mitatu mfululizo, bila mimba, ni sababu ya kwenda kwa daktari. Si nishani. Mzazi au kocha anayesoma hapa, tafadhali muulize binti yako swali hilo bila aibu.

Na wanaume je?

Nao vilevile. Kwa kuwa hawana hedhi ya kuwapigia kengele, wengi huchelewa kugundulika. Hamu ya tendo la ndoa kupungua, kukosa kuamka asubuhi na uume uliosimama, hasira za haraka na mifupa kuuma ni dalili zinazostahili kusemwa kwa daktari waziwazi.

Nipange mashindano kwa kufuata mzunguko wa hedhi?

Uchambuzi wa mwaka 2020 uliokusanya tafiti nyingi uliona uwezo hupungua kidogo mno siku za mwanzo za hedhi, kiasi ambacho kwa mtu mmoja mmoja huenda kisionekane kabisa. Kwa hiyo sioni sababu ya kuiogopa tarehe. Andika mzunguko wako kwenye daftari kwa miezi kadhaa pamoja na usingizi, maumivu na muda wako. Ukiona mtindo unaojirudia kwako, ufuate huo. Maumivu makali ya hedhi ni jambo lingine, hayo yanatibika na hayapaswi kuvumiliwa kimya.

Nitajuaje kwamba nimezidisha mazoezi?

Mwaka 2013 vyama viwili vikubwa vya wataalamu wa michezo, cha Ulaya na cha Marekani, vilitoa tamko la pamoja linalotofautisha hali tatu. Ya kwanza ni uchovu wa makusudi: unajibana wiki moja au mbili, unashuka kiwango, unapumzika, unarudi ukiwa na nguvu zaidi. Ya pili huchukua wiki hadi miezi kurudi, wala hakuna faida uliyoipata. Ya tatu, ile inayoitwa ugonjwa wa mazoezi kupita kiasi, inaweza kula msimu mzima au zaidi.

Watu huuliza kuhusu uwiano wa testosteroni kwa kotisoli. Ulipendekezwa mwaka 1986, na kushuka kwake kwa asilimia 30 au zaidi kukahesabiwa kuwa alama ya hatari. Bado unasaidia kuonyesha mzigo umekuwa mzito, lakini hauthibitishi ugonjwa. Wapo walioshuka hivyo wakashinda wiki iliyofuata, na wapo walioanguka uwiano wao ukiwa mzuri.

Mimi huanzia mahali pengine. Kiwango kimeshuka hata baada ya mapumziko ya wiki mbili? Hamu ya mazoezi imekufa? Usingizi umekatika? Mafua hayaishi? Kisha daktari aondoe magonjwa mengine kwanza, upungufu wa damu na tezi ya shingo vikiwemo, kabla ya jina lolote kutajwa.

Basi niende nikapime homoni maabara?

Ukiwa na dalili, ndiyo, pamoja na daktari. Ukitaka kujua tu, namba moja itakudanganya. Kotisoli ya saa moja asubuhi na ya saa kumi jioni ni vitu viwili tofauti kwa mtu yuleyule. Kupima mara baada ya zoezi kali nako kunapotosha, kwa sababu maji ya damu hupungua na kila kilichomo huonekana kingi. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huonyesha kotisoli ya juu kwenye damu kwa kuwa protini inayoibeba imeongezeka. Virutubisho vyenye bayotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo, kwa hiyo vitaje kabla hujatolewa damu. Pima saa ileile, hali ileile, zaidi ya mara moja, na ujilinganishe na wewe mwenyewe.

Kwa nini madini ya chuma yanatajwa kwenye habari za homoni?

Kwa sababu ya hepsidini, homoni ya ini ambayo watu wachache huifahamu. Baada ya zoezi kali hupanda, ikafika juu saa 3 hadi 6 baadaye, na ikiwa juu hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Mtu aliyeandikiwa vidonge vya chuma akavimeza alasiri baada ya mazoezi ya asubuhi anavipitisha bure sehemu kubwa. Bora avimeze asubuhi, au mara tu baada ya zoezi kabla mlango haujafungwa. Usianze kuvitumia bila kupimwa, maana chuma kikizidi nacho kinadhuru.

Maji ya barafu je?

Kwenye mashindano yenye mechi za kufuatana, yanapunguza maumivu na yanafaa. Kwenye miezi ya kujenga misuli, kujitumbukiza kila baada ya mazoezi ya uzito hupunguza ukuaji wa misuli. Tumia kwa wakati wake.

Vipi kuhusu vidonge vya kupandisha testosteroni, au sindano?

Vinavyouzwa hadharani kwa ahadi hiyo aghalabu havifanyi kitu kwa mtu mwenye afya, na vingine vimekutwa na vitu visivyoandikwa kwenye chupa. Kwa kanuni za WADA, chombo cha dunia cha kupambana na dawa za kusisimua misuli kilichoanzishwa mwaka 1999, kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukukijua. Testosteroni, homoni ya ukuaji na insulini zimekatazwa wakati wote. Sindano za dawa za jamii ya kotisoli zimekatazwa kipindi cha mashindano kwa njia zote za kudungwa tangu Januari 2022, hata ile ya kwenye goti. Mgonjwa wa kweli, kwa mfano wa kisukari anayeishi kwa insulini, ana njia halali ya kuomba kibali cha matibabu. Aombe mapema.

Kuna madhara mengine yasiyosemwa sana: ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani zitengeneze yake. Ukiacha sindano, inaweza kuchukua miezi mingi kabla hazijaamka tena.

Baada ya marathoni, nianze lini tena?

Siku tatu nne za mwanzo ni kutembea na kula. Ikiisha wiki, kama unashuka ngazi bila kushika ukuta na mapigo ya moyo ya asubuhi yamerudi kwenye kawaida yako, kimbia dakika 20 au 30 kwa mwendo wa kuongea. Mazoezi ya kasi yasubiri hadi wiki ya tatu au ya nne. Ukijikuta unalia bila sababu siku ya pili au ya tatu, usiogope, wengi huipitia hali hiyo baada ya kushuka kutoka kwenye siku kubwa. Kula, lala, umwambie mtu wako wa karibu. Ikivuka wiki mbili, nenda kwa daktari.